Mama Utepe na Dirisha la Karakana

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, alishuka kwenye gari la polisi mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayezunguka sokoni bila hela. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Nilidhani ni mama wa mmoja wa wale askari, amepewa lifti.

Ilikuwa asubuhi, na usiku wake mvua ilikuwa imepiga bati mpaka karibu na alfajiri. Karakana yetu ya useremala ilikuwa imeibiwa. Mota ya mashine ya randa haipo, misumeno ya umeme haipo, drili haipo. Kufuli la mlango lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Funguo zake zilikuwa mbili tu, mmoja wa bosi na mmoja wa mlinzi, na mlinzi alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo bosi hakuumiza kichwa. Alipiga simu, askari wakaja, na chai haijapoa kaka alikuwa amekaa kwenye benchi la getini na pingu mikononi. Shemeji yangu alikuwa amesimama kando yake na chupa ya chai aliyomletea kama kila asubuhi. Alikuwa na mimba kubwa, mimba yao ya kwanza baada ya kusubiri miaka mingi. Hakulia. Aliishika tu ile chupa kwa mikono miwili, kana kwamba akiiachia kila kitu kitamwagika.

Mimi kazi yangu ni kupaka vanishi. Si mtu wa maneno. Hata nikisalimiwa na watu wengi kwa pamoja huwa sijui nianze kumjibu nani. Siku ile nilisimama ukutani nikijua kwamba natakiwa kusema kitu cha kumsaidia kaka, na sikuwa nacho.

"Nani wameingia humu ndani leo?" yule mama akauliza.

"Mimi," bosi akasema. "Na huyu wa vanishi. Huyo mlinzi alitufungulia mlango akabaki hapo hapo. Mama, usijichoshe. Mwizi huyu hapa, ana pingu tayari."

"Asante, baba. Basi sitamtafuta mwizi. Nitaangalia nyumba tu."

Akatoa utepe wa njano kwenye mfuko. Nilitegemea atauzungushia mlango, kama nilivyowahi kuona wengine wakifanya. Yeye akaanza kutembea. Akaufunga kwenye nguzo ya geti, akazunguka banda la mbao, akaingia kichochoroni nyuma ya karakana, akakifunga kichochoro chote mwanzo na mwisho. Muuza magodoro wa upande wa pili akatoka mbio.

"We mama, hiyo njia ya wateja wangu."

"Leo waambie walale chini."

"Unafunga mtaa mzima kwa ajili ya drili?"

"Nikifunga pakubwa nitapunguza baadaye, nikuachie. Nikifunga padogo mkapakanyaga, utaniokotea wewe nilichopoteza?"

Watu wakacheka. Hapo hapo muuza magodoro akampa jina la Mama Utepe, kwa hasira, na mpaka leo mtaani kwetu halijulikani lingine.

Alikuja na mpiga picha mmoja mwembamba, mtu wa kuguna tu. Mama Utepe akasimama mlangoni, mikono bado nyuma. Akasimama muda mrefu mpaka bosi akaanza kupiga mguu chini.

"Mbona haingii?" nikamnong'oneza mpiga picha. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Anaangalia. Mikono akiiachia itaanza kushika," akasema.

Kisha Mama Utepe akachagua njia moja nyembamba pembeni mwa ukuta, mahali ambapo mtu hana sababu ya kupita, akatandika mabango ya karatasi ngumu, na akaagiza kwamba kila atakayeingia akanyage hapo tu. Mpiga picha akapiga picha kutoka kila kona, kwanza chumba kizima, halafu nusu, halafu kitu kimoja kimoja na rula pembeni yake. Vibao vidogo vyenye namba vikaanza kuota sakafuni kama uyoga. Mimi nilikuwa nikichungulia pale mlangoni na nakiri kwamba kwa kitambo nilisahau huzuni yangu. Karakana ile niliijua kama mfuko wa suruali yangu, lakini yule mama aliifanya iwe ngeni.

Alipoanza kutafuta, hakurukia mashine iliyoibiwa kama sisi tulivyofanya. Alivaa glavu, akawasha tochi, akapita mstari kwa mstari kutoka ukuta mpaka ukuta, akirudi kama mtu anayelima. Alipomaliza akaanza upya, sasa mistari ikikata ile ya kwanza.

"Bibi yangu ndivyo alivyonifundisha kuchambua maharage," alisema bila kumtazama mtu. "Unapita sinia lote hivi, halafu unaligeuza unapita tena. Jiwe ulilolikosa mara ya kwanza lilikuwa limejificha nyuma ya harage."

Chini ya ukuta wa nyuma akachuchumaa. Maranda ya pale yalikuwa yamelowa na kushikana. Akatazama juu kwenye bati, akatazama chini, akayachota kidogo kwa kijiko na kuyatia kwenye bahasha ya karatasi, akaandika juu yake, akampa mpiga picha naye aandike. Halafu akaliendea dirisha la nyuma. Lilikuwa limefungwa na komeo lake limeingia vizuri. Akalipaka komeo unga mweusi kwa brashi laini kuliko brashi zangu zote, akabandika selotepu, akaibandua na kuitazama kwenye mwanga. Akalifungua dirisha, akaliacha wazi, akaja mlangoni.

Nilishindwa kujizuia. "Mama," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Kaka yangu ni mtu mzuri."

Alinitazama juu ya miwani yake. Macho yake hayakuwa makali.

"Inawezekana, fundi. Lakini hilo halipo sakafuni, na mimi nasoma sakafu. Akiwa mbaya pia ningekujibu hivi hivi."

Nikaona aibu, nikarudi ukutani. Shemeji alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa polepole, kama kuniambia niache.

Ndipo Mama Utepe alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Aliniita mimi kwanza.

"Leo asubuhi uliingia ukafanya nini? Usiniambie. Nionyeshe. Toka nje, uingie kama ulivyoingia."

Nilitoka, nikaingia. Watu wote walikuwa wananitazama na masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilipita kwenye yale mabango mpaka kwenye kabati nililolipaka vanishi jana yake jioni, kazi yangu ya mwisho kabla ya kufunga. Lilikuwa limesimama karibu na ukuta wa nyuma, kando ya dirisha, ubavu wake ukiwa umeelekea mlangoni. Nikainama kulitazama, na mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na msasa.

"Simama hapo hapo," akasema. "Huo msasa wa nini?"

Nikautazama mkono wangu. "Kufuta, mama. Kuna madoa. Asubuhi nilitaka kuyafuta mteja asije akayaona, halafu bosi akapiga kelele kwamba tumeibiwa, nikaacha."

"Madoa gani?"

"Haya meupe. Na hapa pamebonyea, kama mtu kashika."

Alikuja kwa hatua ndogo ndogo. Akailaza tochi ubavuni mwa kabati, mwanga ukapita juu ya vanishi kama jua la jioni juu ya maji, na hapo sote tuliokuwa karibu tukaviona. Vidole. Vinne kamili vimezama kwenye vanishi yangu, na kila mstari wa ngozi unasomeka, kana kwamba mtu amepiga muhuri. Mpiga picha, yule wa kuguna, akasema, "Ah, mama yangu."

Ningechelewa kidogo tu kuusikia ule ukelele wa bosi, ningeyafuta yote kwa mkono wangu mwenyewe, na ningejisifu kwa kazi safi.

"Haya meupe yanatokana na nini?" akaniuliza.

"Maji, mama. Vanishi ikidondokewa na maji kabla haijakauka hupauka hivi."

"Kuna kitu kingine ulichokipaka wakati ule ule?"

"Droo zake. Zile pale kona ya mbele."

Akaenda kuzitazama. Zilikuwa zinang'aa, hazina hata tone moja. Akarudi, akapanda ngazi, akalisukuma bati lililokuwa juu ya kabati. Likanyanyuka kirahisi kama kifuniko cha sufuria. Misumari yake ilikuwa imeng'olewa na bati likarudishwa tu mahali pake.

"Alishuka hapa mvua ikinyesha," akasema, kana kwamba anazungumza na bati. "Mvua ikaingia naye. Akashikilia kabati ili asianguke."

Nilimtazama kaka pale getini. Alikuwa amesimama kwenye benchi ili aone, na pingu zake kazinyanyua kifuani. Shemeji naye kaja mpaka kwenye utepe. Nilitaka kupiga yowe la furaha. Bosi akanitangulia, lakini lake halikuwa la furaha.

"Sawa, kapita juu. Mama, ile mota hubebwa na wanaume wawili wenye nguvu. Utaipandisha kwenye hilo tundu? Dirisha nimelikuta limefungwa kwa ndani. Kwa hiyo mota imetoka mlangoni, na mlango anao huyo. Kamfungulia mwenzake. Mpakieni kwenye gari tumalize."

Yule askari wa getini akawasha gari. Alikuwa amechoka kusubiri. Akamshika kaka bega, kaka akashuka kwenye benchi. Furaha yangu ikaanguka kama ndoo kisimani, kwa sababu nilichosikia kilikuwa na akili. Hata mimi ningekuwa sijui aliyekaa getini ni nani, ningemwamini bosi.

"Hebu subirini kidogo," Mama Utepe akasema. "Zamu yako, baba. Uliingia ukafanya nini?"

"Nimeshakwambia. Niliingia, nikaona mota haipo, nikapiga kelele."

"Nionyeshe."

"Mama, mimi nina kazi."

"Mashine huna, kazi utafanya na nini? Nionyeshe, baba yangu."

Watu wakacheka tena na bosi, ambaye si mtu mbaya ila hapendi kuchekwa, akatoka nje kwa kishindo. Akaingia. Alitembea kama anavyotembea kila siku, kifua mbele, macho kwenye mashine iliyo karibu na dirisha la nyuma, akisema kwa sauti, "Naingia hivi. Nafika hapa. Natazama hivi, naona mota hakuna, nageuka hivi." Na alipokuwa anageuka, mkono wake wa kushoto ukalivuta lile dirisha, ukalifunga, ukasukuma komeo. Kisha akaendelea, "Halafu nikapiga kelele, nikamwita huyu."

Sote tukamkodolea macho.

"Nini?" bosi akauliza. "Mbona mnanitazama?"

Hakuwa anajua. Nakuapia hakuwa anajua, na ninamwelewa, kwa sababu pale kwetu hakuna anayejua. Dirisha lile halina nondo, maana ndipo tunapoingizia mbao ndefu kutoka kichochoroni. Mchana hufunguliwa kwa kazi hiyo na mbao zikishaingia hufungwa upesi, kwa sababu vumbi likitua juu ya vanishi kazi imeharibika. Bosi mwenyewe ndiye aliyetutia ugonjwa huo. Mtu wa kwetu akipita karibu na dirisha lile liko wazi, mkono unalifunga huku mdomo unazungumza habari za mpira; mimi nilisimamishwa tu kabla sijalifikia.

"Baba," Mama Utepe akasema taratibu, "nililiacha wazi mimi. Sasa limefungwa na nani?"

Bosi akalitazama dirisha. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, kama ni wa mtu mwingine.

"Mimi?"

"Na asubuhi?"

Angeweza kukataa, na neno lake lingekuwa neno la tajiri mbele ya mlinzi. Lakini mkono ulikuwa umeshasema mbele ya mtaa mzima.

"Lilikuwa wazi," akasema mwishoni. "Vumbi... Nililifunga. Jamani, mimi ndiye nililifunga."

Yule askari akazima gari.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mama Utepe alipitia mlangoni, akazunguka mpaka kichochoroni, ambako hakuna aliyekanyaga tangu asubuhi kwa sababu ya ule utepe wake uliomuudhi muuza magodoro. Chini ya dirisha, kwenye tope jipya, ilikuwepo alama ya magurudumu ya mkokoteni. Gurudumu moja lilikuwa limefungwa waya, na kila lilipozunguka, waya ulikuwa umeuma tope. Mama Utepe akakoroga plasta kwenye kopo, akaimimina kwenye alama kwa upole kama anamnywesha mgonjwa uji. Tulisubiri igande. Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wakitazama kopo la plasta kwa shauku. Muuza magodoro mwenyewe alikuwa mbele, akiwafokea wengine, "Msisukume, mtavunja ushahidi."

Mkokoteni ule ulipatikana siku hiyo hiyo, uwanjani kwa fundi bati aliyetutengenezea paa wiki chache kabla. Mota ilikuwa chini ya magunia; yeye alishuka ndani akafungua dirisha, na msaidizi wake akaipokea kichochoroni. Vile vidole vinne vilikuja kulingana na vyake baadaye, maabara ilipotoa jibu. Lakini kaka hakusubiri maabara. Jioni alifunguliwa pingu. Mama Utepe alichukua alama za vidole vyetu wote, wafanyakazi na bosi na kaka pia, ili ajue zipi za kwetu za kila siku, na kaka alimpa mikono yake akicheka kwa mara ya kwanza.

Bosi hakusema samahani. Aliingia ofisini kwake, akatoka na kiti chake mwenyewe, kile cha mto, akakiweka getini badala ya benchi. Shemeji akakikalia yeye, akafungua chupa ya chai ambayo ilikuwa imeshapoa, na akatumiminia wote, bosi wa kwanza.

Baada ya hapo nilimfahamu Mama Utepe zaidi. Aliniita kwake nipake vanishi kitanda cha binti yake. Nilikwenda nikidhani nitakuta nyumba ambayo kila kijiko kina kibao chenye namba. Nilikuta viatu juu ya kochi, pasi jikoni, na yeye mwenyewe akizunguka akitafuta miwani iliyokuwa kifuani kwake.

"Mama, piga utepe," binti yake akamwambia bila kuinua kichwa kwenye daftari.

"Mnaniona nikihangaika, mnanicheka tu."

"Baba alikuonya usilete kazi nyumbani. Ukatii sana."

Mume wake, mtu wa kushona viatu, alikuwa akitabasamu barazani. Kumbe kamba ile ya miwani ndiye aliyempa. Aliniambia kwamba mke wake alianza polisi kama karani wa mapokezi, akijaza taarifa za watu waliovunjiwa, na alichokuwa akichukia ni kusikia mtu akisema, "Tumeshafagia." Kila aliyekuja kulalamika alikuwa ameshafagia, ameshapanga, ameshafuta, ili askari wasikute nyumba chafu. Basi akaomba apelekwe mafunzo. Wakubwa walimcheka, kwa sababu ya umri na kimo. Alirudi akiwa wa kwanza.

Mtoto wa kaka alipozaliwa, Mama Utepe alikuja kumtazama. Alisimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, muda mrefu, mpaka shemeji akamwambia, "Ingia, dada, huyu si ushahidi." Akacheka mpaka akafuta machozi, ndipo akanyoosha mikono kumpokea.

Mwaka uliofuata akahamishwa. Alikuwa anakwenda mji mwingine kufundisha askari wapya. Akaniagiza nimtengenezee sanduku la vifaa, lenye vyumba vya brashi, unga, rula, bahasha na utepe. Nilipiga vanishi mara nyingi kuliko nilivyolipwa, na hilo sijutii. Alipokuja kulichukua lilikuwa bado bichi, mkono wa mwisho nilikuwa nimeupaka asubuhi hiyo.

"Nisiguse?" akauliza.

"Usiguse mama, mpaka jioni. Nitamtuma kaka alilete."

Akalizunguka, mikono nyuma. Kaka alikuwa getini amembeba mwanawe mabegani, na Mama Utepe akawatazama kupitia mlangoni. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku, lakini yalipofika kooni yakakwama kama kawaida yangu, nikaishia kukohoa. Alinisubiri kidogo. Nadhani aliyasikia yale yale, kwa sababu alinigonga begani.

Wakati huo lori la mchanga likapita kichochoroni na vumbi likanyanyuka. Mama Utepe alikuwa ameshageuka kuondoka. Akapita karibu na dirisha, na mkono wake ukalivuta, ukalifunga, ukasukuma komeo.

Akasimama. Akaliangalia dirisha, akauangalia mkono wake, akaanza kutikisika kwa kicheko mpaka miwani ikarukaruka kifuani. Akaniambia, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu:

"Fundi, leo likitokea lolote hapa, usimwache kaka yako apate shida. Waambie aliyefunga ni mimi."